Mlio Mmoja, Dola 500: Sheria ya Marekani na Simu za Mashine

Kuna mama mmoja wa Pennsylvania aliyewahi kununua simu za mkononi zisizopungua 35. Zote zilikuwa za kulipia kabla, na namba zake alizichagua za Florida, mbali kabisa na kwake, katika maeneo yenye hali ngumu ya uchumi. Hesabu yake ilikuwa kwamba namba zilizoachwa na wenye madeni huko zingeendelea kusakwa na wadai. Kisha akasubiri ziite. Zilipoita aliweka kumbukumbu, na baadaye akafungua kesi. Alipoulizwa chini ya kiapo simu zote hizo ni za nini, alijibu waziwazi kwamba hiyo ndiyo biashara yake, kuwashtaki wanaovunja sheria ya simu. Mwaka 2016 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitupa kesi hiyo. Aliyenunua simu ili asumbuliwe, alisema jaji kwa maneno marefu kuliko haya, hawezi kudai kwamba amesumbuliwa.

Wengi wakisikia kisa hiki hucheka. Mimi huvutwa na hesabu iliyo nyuma yake: ni sheria gani hiyo inayomfanya mtu mwenye akili timamu aone simu 35 zinalipa kuliko kibarua? Ndugu na marafiki walioko kule, wa Columbus, wa Houston, wa Minneapolis, huniuliza mara kwa mara kama ni kweli mtu anaweza kulipwa kwa kupigiwa simu. Ni kweli. Ila kati ya mlio na malipo pana mitego mingi, na mingi imetegwa katika maana ya neno moja moja.

Sheria yenyewe inaitwa Telephone Consumer Protection Act, na mahakamani hutajwa kwa herufi nne tu, TCPA. Rais George H. W. Bush aliitia saini tarehe 20 Desemba 1991. Wakati huo kampuni zilikuwa na mashine za kupiga maelfu ya namba na kumsomea kila anayepokea tangazo lililorekodiwa. Bunge liliandika ndani ya sheria hiyo kwamba wauzaji zaidi ya 300,000 walikuwa wakiwapigia Wamarekani zaidi ya milioni 18 kila siku. Seneta Fritz Hollings wa South Carolina, aliyeusukuma mswada, alilalama kwamba simu hizo zinawaamsha watu asubuhi, zinawakatiza chakula cha jioni na kuwatoa vitandani wagonjwa na wazee, hadi mtu anatamani kuing'oa simu ukutani.

Kwa msomaji wa Dar au Mombasa kuna jambo moja linalohitaji kuelezwa, maana bila hilo sheria hii inaonekana ya ajabu. Kwetu anayepiga ndiye anayelipa. Ndiyo maana tukazoea kubip: unapiga, unakata kabla hajapokea, mwenye salio akurudie. Marekani ya miaka ile haikuwa hivyo. Mwenye simu ya mkononi alikatwa dakika zake hata kwa simu aliyopigiwa. Kwa hiyo tangazo la mashine lilikuchosha na bado likakugharimu wewe uliyetangaziwa. Fakisi nayo ilikuwa hivyo hivyo: tangazo la mgeni lilichapwa kwa karatasi na wino wa mwenye ofisi. Hapo ndipo palipotoka ukali wa sheria kwa namba za mkononi, na ukali huo ukabaki hata baada ya vifurushi visivyo na kikomo kuifuta gharama yenyewe.

Bunge lilikuwa na tatizo moja. Hasara ya simu moja ni senti chache na dakika moja ya hasira. Hakuna wakili atakayevaa suti kwa ajili ya hizo. Likaamua kuutajia mlio bei: dola 500 kwa kila simu iliyovunja sheria, bila mlalamikaji kulazimika kuonyesha amepoteza kiasi gani. Ikithibitika kwamba mpigaji alivunja sheria kwa kujua au kwa makusudi, jaji anaweza kuipandisha hadi 1,500. Hollings alitarajia kwamba mwananchi angeenda mwenyewe kwenye mahakama ndogo ya madai, bila wakili, akatoka na haki yake. Na sheria inasema "mtu", haisemi "raia". Aliyefika juzi kutoka kambi ya Nyarugusu ana haki ile ile ya aliyezaliwa Ohio.

Milango miwili

Ukiisoma TCPA kwa mara ya kwanza utadhani ni katazo moja. Kwa mtu wa kawaida ni milango miwili, na ukibisha hodi kwenye usio wako utarudishwa.

Mlango wa kwanza ni wa mashine. Ni marufuku kupiga namba ya mkononi kwa mtambo wa kujipigia simu, au kwa sauti ya bandia au iliyorekodiwa, bila ridhaa ya anayepigiwa. Hapa haijalishi unauza bima au unadai deni. Kinachotazamwa ni chombo. Kikubwa kinachosamehewa ni dharura, kama tahadhari ya kimbunga.

Mlango wa pili ni wa orodha. Mwaka 2003 serikali ilifungua orodha ya taifa ya wasiotaka kupigiwa na wauzaji. Mimi naiita orodha ya Usinipigie. Kujiandikisha ni bure, kwenye tovuti ya donotcall.gov au kwa kupiga 1-888-382-1222 kwa simu unayotaka kuiandikisha, na namba ikishaingia haitoki kwa kupita muda. Wauzaji wana siku 31 za kuirekebisha orodha yao. Baada ya hapo kampuni ile ile ikikupigia zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12 kukuuzia kitu, unaweza kudai hadi dola 500 kwa simu, hata kama aliyepiga ni binadamu mwenye sauti ya asali.

Orodha ina matundu. Wanasiasa, mashirika ya misaada na watafiti wa maoni hawaguswi nayo. Kampuni uliyonunua kwake kitu bado inaruhusiwa kukupigia kwa miezi 18, na uliyoiulizia tu bei kwa miezi mitatu, isipokuwa uikataze mwenyewe. Mdai deni naye hauzi kitu, kwa hiyo orodha haimzuii. Watu wengi hukasirikia orodha kwa kushindwa kazi ambayo haikupewa. Jamaa yangu mmoja alijiandikisha mara tatu, akidhani haikushika, kumbe waliokuwa wakimpigia ni wakusanya madeni ya hospitali. Dawa yake ilikuwa mlango wa kwanza, kama ile sauti ilikuwa ya kurekodiwa.

Saa nazo zina sheria: muuzaji asipige kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa tatu usiku, kwa saa za aliko anayepigiwa.

Koma iliyozima maelfu ya kesi

Kwa miaka mingi mlango wa kwanza ndio uliojaa foleni, kwa sababu ya maneno "mtambo wa kujipigia simu". Mawakili walidai kwamba programu yoyote inayopiga au kutuma meseji kwa namba nyingi zilizohifadhiwa ni mtambo wa aina hiyo. Baadhi ya mahakama zilikubali.

Kisha ikaja kesi ya Facebook. Bwana mmoja alikuwa akipokea meseji kwamba kuna mtu amejaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa kifaa kisichojulikana. Shida ni kwamba hakuwa na akaunti ya Facebook. Pengine namba yake iliwahi kuwa ya mtu mwingine. Aliomba ziache, zikaendelea, akashtaki. Tarehe 1 Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliamua dhidi yake, majaji wote tisa upande mmoja, hukumu ikiandikwa na Jaji Sonia Sotomayor.

Ugomvi ulikuwa juu ya kirai kimoja na koma iliyokitangulia. Sheria inasema mtambo ni kifaa chenye uwezo wa kuhifadhi au kuzalisha namba za kupigiwa, koma, kwa kutumia kizalishi cha namba za kubahatisha au za mfululizo. Je, hayo maneno ya mwisho yanahusu "kuzalisha" peke yake, au na "kuhifadhi" pia? Mahakama ikasema yanahusu yote mawili. Maana yake ni kwamba kifaa lazima kiwe kinajitungia namba, kama mtu anayepiga 001, 002, 003 bila kujua ni za nani. Kampuni yenye daftari la wateja na programu ya kuwatumia wote meseji kwa kubofya mara moja haina "mtambo" kwa maana ya sheria. Ingekuwa vinginevyo, majaji walisema, kila simujanja ingekuwa mtambo haramu, maana nayo huhifadhi namba na kuzipiga.

Naona hoja ya kisarufi ina nguvu, na naona pia matokeo yake ni machungu. Kampuni za leo kwa kawaida hazijitungii namba. Namba zinanunuliwa sokoni zikiwa na majina, umri na mtaa. Sheria ya 1991 ilitunga katazo kwa kuitazama mashine ya siku zile, na mashine ikabadilika. Tangu 2021 meseji nyingi za matangazo haziwezi kushtakiwa kupitia mlango wa kwanza. Sauti iliyorekodiwa bado inashtakiwa bila kujali mtambo, na ndiyo maana mlalamikaji wa leo akipokea simu husikiliza kwanza: huyu anapumua, au ni kanda?

Na kanda yenyewe imebadilika. Januari 2024, siku chache kabla ya uchaguzi wa mchujo wa New Hampshire, wapiga kura walipigiwa na sauti iliyotengenezwa kwa akili unde, ikimwiga Rais Joe Biden na kuwaambia wasijitokeze kupiga kura. Tarehe 8 Februari mwaka huo FCC, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitamka kwamba sauti ya akili unde ni "sauti ya bandia" kwa maana ya TCPA. Mshauri wa kisiasa aliyeiagiza sauti hiyo alitozwa faini ya dola milioni 6. Safari hii, maneno ya 1991 yalikuwa mapana kuliko walioyaandika walivyofikiri.

Meseji ni simu?

Sheria ilisainiwa Desemba 1991. Meseji ya kwanza ya simu duniani ilitumwa Desemba 1992, huko Uingereza. Kwa hiyo waliotunga TCPA hawakuitaja meseji, kwani haikuwapo. Mwaka 2003 FCC ilisema meseji ihesabiwe kama simu, na mahakama zikafuata kwa miaka zaidi ya ishirini. Mabilioni ya dola yalidaiwa juu ya tafsiri hiyo.

Tarehe 20 Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyohusu fakisi za matangazo, iliamua kwa kura sita dhidi ya tatu kwamba mahakama za wilaya za shirikisho hazifungwi na tafsiri za FCC. Jaji asome sheria mwenyewe, akiiheshimu tume bila kuitii. Haikuchukua hata miezi miwili: jaji mmoja wa Illinois akasoma mlango wa pili, akakuta umeandikwa "simu", akasema meseji si simu na kuitupa kesi. Majaji wa sehemu nyingine wakasoma maneno yale yale wakaona meseji imo, kwamba kinacholindwa ni utulivu wa mtu na wala si chombo kinachouvuruga. Kwa hiyo meseji ile ile ya kuuza bima inaweza kuwa na bei mahakama moja na kuwa bure mahakama nyingine, mpaka mahakama za juu ziseme neno la mwisho. Binafsi ningekaa upande wa pili, lakini nisingeweka dau.

Ile ndiyo yako

Ukimsikia wakili wa kampuni anaongea, swali lake la kwanza litakuwa ridhaa. Na hapa ndipo wengi wetu tunapojikuta tumeshasema ndiyo bila kujua.

Binamu yangu wa Columbus alitaka bima ya gari. Akafungua ukurasa mmoja unaolinganisha bei, akajaza jina, namba na mwaka wa gari, akabofya kitufe. Hata chai haijapoa simu ikaanza kuita, na ilikuwa ikiita mpaka usiku: wauzaji wa bima, wauzaji wa matengenezo ya gari, mmoja wa paneli za sola. Alidhani amedukuliwa. Baadaye tulirudi kwenye ukurasa ule, na chini ya kitufe, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, palikuwa na sentensi ikisema kwamba kwa kubofya umekubali kupigiwa na kuandikiwa, hata kwa mashine, na kampuni "washirika". Neno washirika lilikuwa kiungo. Tukakibofya, ikafunguka orodha ndefu ya majina ambayo tulichoka kuishusha.

Kwa matangazo yanayopigwa kwa mashine au sauti ya kurekodiwa, kanuni za FCC tangu Oktoba 2013 zinataka ridhaa ya maandishi yenye saini. Saini ya kielektroniki inatosha, na kubofya kunaweza kuhesabiwa kuwa saini kama maelezo yalikuwa wazi. Desemba 2023 FCC ilijaribu kuuziba mwanya wa washirika: ridhaa moja, kampuni moja. Kanuni hiyo haikuanza hata siku moja. Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Atlanta iliifuta, ikisema tume imepita mamlaka yake. Washirika wapo bado.

Habari njema ni kwamba mwenye kudai alipewa ridhaa ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuithibitisha. Kampuni ikisema ulikubali, ionyeshe lini, wapi, kwa maneno gani. Na ridhaa inaondolewa. Tangu Aprili 2025 kanuni zinasema unaweza kuiondoa kwa njia yoyote ya busara, na kujibu meseji kwa neno STOP, END, QUIT, CANCEL au mengine ya jamii hiyo kunatosha. Kampuni ina siku 10 za kazi kukutii. Baada ya hapo meseji inayofuata imepoteza kinga ya ridhaa.

Kuna ridhaa nyingine inayowahusu sana wageni: ya mtu usiyemjua. FCC ilikadiria kwamba namba takribani milioni 35 hukatwa Marekani kila mwaka, kisha hugawiwa upya. Ukifika na kununua laini, huenda umenunua na madeni ya aliyekutangulia. Wanakupigia asubuhi na jioni wakimtaka mtu ambaye hujawahi kumsikia. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya Chicago ilisema ridhaa ya mwenye namba wa zamani haimfuati mwenye namba wa sasa. Anayehesabika ni wewe unayepokea. Hivi sasa ipo hifadhidata ya namba zilizogawiwa upya ambayo wapigaji wanaweza kuiangalia kabla hawajapiga, na kampuni iliyoiangalia ikapewa jibu lisilo sahihi hupata kinga.

Kundi, mamilioni, na hundi ya dola 34

Hollings alifikiria mtu mmoja, simu moja, mahakama ndogo. Mawakili wakafikiria watu milioni moja. Kesi ya kundi, ambapo mmoja hushtaki kwa niaba ya wote waliopigiwa, ndiyo iliyoipa TCPA meno, na ndiyo iliyoipa sifa mbaya kwa wafanyabiashara, kwa sababu dola 500 ikizidishwa haina breki.

Mfano ni kampuni moja ya virutubisho vya kupunguza uzito, ViSalus. Mwaka 2019 baraza la mahakama huko Oregon, yaani wananchi walioitwa kuamua kesi, lilikuta kwamba ilipiga simu za kurekodiwa zaidi ya milioni 1.85. Zidisha kwa 500, unapata zaidi ya dola milioni 925. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliirudisha kesi chini ili ipimwe kama adhabu ya ukubwa huo inavunja katiba. Mwingine ni Dish Network, kampuni ya televisheni ya setilaiti. Simu zilipigwa na wakala wake, na Dish ikasema mkono wake haumo. Mwaka 2017 baraza la North Carolina likaona aliyemtuma wakala ndiye mwenye mzigo, likaweka dola 400 kwa kila simu kati ya zaidi ya 51,000. Jaji akaona kuna makusudi, akazidisha mara tatu, ikafika dola milioni 61. Rufaa ya 2019 haikuisaidia.

Hizo ndizo habari za magazetini. Kesi nyingi huishia kwenye maelewano, na mwanakundi hupata kidogo. Capital One na wakusanya madeni wake walikubali kulipa dola milioni 75.5. Mawakili walipochukua chao na gharama kutolewa, mwaka 2015 kila aliyewasilisha dai alipata dola 34 na senti 60. Hata hizo ni za aliyejaza fomu. Postikadi yenye maandishi madogo ikija kwa barua, ikisema huenda wewe ni mwanakundi, watu wetu huitupa wakidhani ni utapeli. Mara nyingine ni kweli tupu. Jina la mahakama na namba ya kesi huwa vimeandikwa. Piga simu kwa karani wa mahakama hiyo, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, umuulize kama kesi ipo. Na mwenye dai lenye uzito anaweza kujitoa kwenye kundi kabla ya tarehe iliyotajwa, akadai peke yake. Muda wa kudai ni miaka minne tangu simu ilipopigwa.

Angalia pia mkataba wako. Benki na kampuni nyingi za simu huweka kifungu kwamba ugomvi wowote utapelekwa kwa msuluhishi, na kwamba umeacha haki ya kujiunga na kesi ya kundi. Tangu 2011 Mahakama ya Juu imekuwa ikiviheshimu vifungu hivyo. Dai la mtu mmoja halifi, linahamia kwenye chumba kisicho na jaji.

Asiyeshtakika

Hasara kubwa ya mfumo huu ni kwamba unamkamata mwenye anwani. Kampuni yenye jengo na akaunti ya benki inaogopa dola 500. Tapeli anayeigiza kuwa idara ya kodi, akiwa amevaa namba ya bandia inayofanana na ya jirani yako, haogopi chochote. Tangu katikati ya 2021 kampuni kubwa za simu zinalazimishwa kuthibitisha kwamba namba inayoonekana ndiyo inayopiga, na bado matapeli wanapenya. Mwaka 2023 FCC iliutoza mtandao mmoja wa wauza udhamini wa magari dola 299,997,000 kwa simu zaidi ya bilioni tano zilizopigwa ndani ya miezi mitatu ya 2021. Kuzitoza na kuzipata ni mambo mawili: FCC haina mamlaka ya kukusanya, inakabidhi faili kwa wizara ya sheria. Meseji ya utapeli usiijibu hata kwa STOP, maana utakuwa umemwambia namba iko hai. Ipeleke 7726, ambako kampuni za simu hukusanya meseji hizo.

Huku kwetu njia ni nyingine kabisa. Mlio hauna bei. Kenya, kwa sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019, inauliza swali tofauti: namba yangu umeitoa wapi? Ndiyo maana waliokamatwa mapema ni wenye programu za mikopo, waliochota namba kutoka simu za wakopaji na kuwaandama watu ambao hawakukopa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Mulla Pride, mmiliki wa KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu wa pembeni kutuma meseji na simu za vitisho. Kikomo cha faini ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kilicho kidogo kati ya hivyo. Sheria hiyo inaruhusu pia fidia kwa mtu binafsi, ila hakuna tarakimu iliyoandikwa tayari. Mlalamikaji anaeleza yaliyomkuta na Kamishna anapima. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kwa wale matapeli wa meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ina namba 15040 ya kuwaripoti.

Nilipomweleza hayo binamu yangu alisema: "Mimi nipo Columbus, nieleze ya Columbus." Nikamwambia asiwakatie simu kwa hasira, awaulize kwanza jina la kampuni na namba ya kurudia. Apige picha kila meseji, tarehe na saa zionekane. Asifute ujumbe wa sauti. Aandikishe namba kwenye orodha leo, ahifadhi barua pepe ya uthibitisho. Akaona ni kazi ya uhasibu. Hata hivyo alimjibu STOP muuzaji mmoja aliyekuwa anamtumia meseji kila siku ya pili, akazungushia tarehe kwenye kalenda ya ukutani jikoni, akaanza kuhesabu siku za kazi, akiruka Jumamosi na Jumapili.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, meseji iliingia. Alinipigia akicheka: "Kaka, wameleta." Nilimuuliza kama ameshaipiga picha.